Mulika mwizi yafunguliwa

Leo mchana mezani: Nokia 1100, ile ya 2003. Tatizo, inazima ikitikiswa kidogo tu.

Wengi wangekimbilia kununua betri mpya. Wapi! Betri ni BL-5C, volti 3.7, na haina neno.

Ugonjwa uko kwenye vile vipini vidogo vya shaba vinavyogusa betri. Vimeota kutu ya kijani na vimelala, havisukumi tena. Spiriti kidogo kwenye pamba, sugua, kisha viinue taratibu kwa ncha ya sindano. Ukivivuta kwa nguvu vinakatika, na hapo ni kazi ya kuchomelea.

Upande wa betri, futa meno yake, vile vibati vinavyogusana na vipini, kwa kifutio cha penseli. Ikiwa imevimba, usiitoboe. Acha kuitumia, na iweke mbali na moto.

Lakini tazameni vitufe: karatasi moja ya mpira, haina mwanya. Vumbi lipite wapi? Chini yake visahani vya bati bado vinalia “tik”, vyote.

Tochi nayo inawaka kichwani kama jana.

Kwenu kitochi kipi bado kinapiga kazi? Na kilianza kuharibika wapi?