Neno la Herufi Tatu

Enzi hizo nilikuwa bado mchanga katika kazi ya kutafsiri. Mkuu wangu akanipa nusu ukurasa wa maelekezo ya kubandika vigae. Kwa mtu mzoefu, hiyo ilikuwa kazi ya saa moja. Mimi nikagota kwenye neno moja la Kiingereza, set. Ndani ya aya ya kwanza lilijitokeza mara nne, na kila mahali lilikuwa na kazi yake: kupanga vigae, kuacha saruji ishike, kurekebisha kipimo cha mashine ya kukatia, halafu ile seti ya vigae vya pembeni.

Nikaenda maktaba, kwenye Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, lile la majalada 20. Nilitegemea kusoma nusu safu nigeuze. Nikapekua ukurasa, nikapekua mwingine, maandishi madogo madogo safu tatu tatu, na bado ni set. Kitenzi peke yake kimepewa maana 430 hivi. Ukijumlisha na misemo yake zinakaribia 580, katika maelezo ya maneno yapatayo 60,000. Kuna riwaya zisizofika hapo.

Mkutubi, mzee mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akanikuta nimeshika tama.

"Shikamoo mzee. Neno hili limenishinda."

"Marahaba, kijana. Achana na maana kwanza. Soma pale juu, asili yake."

Kumbe uhondo wote ulikuwa pale juu. Kitenzi kimetokana na settan ya Kiingereza cha kale, yaani kufanya kitu kikae. Kuketisha! Sisi tunaongeza -sha mwishoni, wao irabu ya sit iligeuka ikawa set. Ukishalishika hilo, maana nyingi zinaanza kujipanga zenyewe: kigae kinaketishwa mahali pake, mfupa uliovunjika unarudishwa ukae sawa, mtego unategwa, saa inawekwa. Saruji nayo inatulia isitikisike tena. Hata jua, ambalo kwetu huzama au hutua, kwao huketi. Nilicheka peke yangu, na watu wawili wakageuka kunitazama.

Ila ile seti ya vigae haikutaka kuingia humo. Nikaangalia upande wa nomino, nikakuta nasaba nyingine kabisa: sette ya Kifaransa cha kale, kutoka secta ya Kilatini, kundi la wafuasi, na nyuma yake kitenzi sequi, kufuata. Ni kama wageni wawili walioingia kwa milango tofauti, wakafanana sura mpaka wenye nyumba wakaamini ni ndugu. Ndiyo maana Mwingereza wa leo husikia seti kama vitu vilivyowekwa pamoja.

"Na suti anayovaa mkuu wako," mzee akaniambia kwa sauti ya chini, akifurahia kweli, "ni ya ukoo huo huo wa sequi. Koti na suruali vinafuatana."

Niliporudi nilimaliza haraka: panga, acha ishike, rekebisha, seti. Mkuu akasoma, akatazama saa.

"Nusu ukurasa, siku nzima?"

Nikaanza kumweleza habari za settan. Akanyoosha mkono achukue karatasi, akasema fundi anasubiri.