Nimerudi Kutch, na maji yamefika

Tangu nifunge mizigo, ndugu na marafiki wa Mombasa mmekuwa mkiniuliza jambo moja: vipi umeiacha bahari ukarudi jangwani? Kwetu Mandvi, mji wa bandari wa Kutch huku magharibi mwa India, bahari iko, tena ndiyo hiyo hiyo yenu. Niliolewa Mombasa miaka michache baada ya tetemeko la 2001, nikazalia huko, nikazoea mvua ya kusi na madafu. Baba alipofariki nilikuwa mbali. Sasa mama yuko peke yake, na kuna shamba la kuandikishwa warithi. Nimerudi kukaa.

Niwaeleze wilaya hii ya Kutch ilivyo, maana wengi mna babu waliotoka hapa na hamjawahi kuiona. Kusini ni Ghuba ya Kutch, magharibi Bahari ya Arabuni. Kaskazini na mashariki ni Rann, uwanda wa chumvi usio na kilima wala mti. Mvua za Juni hadi Septemba zikinyesha, Rann hufurika na Kutch hubaki kama kisiwa. Maji yakikauka, chumvi hung'aa hadi macho yanauma. Kwa eneo hakuna wilaya ya India inayoishinda: kilomita za mraba 45,674, zaidi ya jimbo zima la Kerala. Lakini sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 2.09 tu.

Uchache huo chanzo chake ni maji. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 400, na kuna miaka haifiki hata nusu. Mito ni mifupi, na Rukmavati unaopita Mandvi hutiririka msimu wa mvua tu. Zamani tawi la mto Indus lilifika hadi Lakhpat, pembe ya magharibi, na watu walilima mpunga. Watawala wa Sindh, ambayo leo iko Pakistan, walianza kuyazuia maji kwa mabwawa. Kisha tarehe 16 Juni 1819 tetemeko liliinua tuta refu la ardhi, watu wakaliita Allah Bund, na mto ukakatika kabisa. Nimekwenda Lakhpat safari hii. Ukuta wa ngome umesimama karibu kilomita saba kuuzunguka mji, na ndani mna nyumba chache na ukimya.

Mahali ardhi inapokunyima, unatazama bahari. Mandvi ni bandari tangu karne ya 16, enzi za Rao (yaani mfalme wa Kutch) Khengarji wa Kwanza, na majahazi yaliondoka na kaskazi kuja kwenu na kurudi na kusi. Ukoo wa Shivji Topan, watu wa Mundra hapa jirani, ulikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ya karne ya 19. Tharia Topan, Khoja wa Kutch, ndiye aliyeanzisha ujenzi wa lile jengo la zahanati lenye roshani za kuchonga mbele ya bahari Unguja. Pembe za ndovu zilikuja huku zikawa bangili za maharusi. Na lisemwe pia hili, kwa kuwa huku halisemwi vya kutosha: fedha za baadhi ya wafanyabiashara wetu ziligharimia misafara ya watumwa, hata Rao Pragmalji wa Pili akalazimika kuwatangazia raia wake walioko Zanzibar waachane nayo. Historia yetu na yenu ina sehemu hiyo pia.

Ukoo wa Jadeja ulitawala kutoka Bhuj, ukiwa na sarafu yake wenyewe, kori, hadi 1948 Kutch ilipokabidhiwa serikali ya India, Delhi. Mwaka 1956 tukaunganishwa na jimbo la Bombay, na tarehe 1 Mei 1960 tukawa sehemu ya jimbo jipya la Gujarat. Leo Kalekta, mkuu wa wilaya, anakaa Bhuj, na chini yake kuna taluka (tarafa) 10, kila moja na mamlatdar, ofisa wake wa serikali. Vijijini kuna talati, karani wa serikali anayetunza daftari la ardhi, na sarpanch, mkuu wa kijiji ambaye wanakijiji humchagua wenyewe.

Kuna desturi moja ninayoipenda kuliko zote. Ziwa la Hamirsar katikati ya Bhuj likijaa hadi kumwagika, Kalekta hutangaza mapumziko mjini. Zamani Rao mwenyewe alikuja kuyapokea maji kwa ibada. Siku hizi ni kiongozi wa manispaa, na watu hula ladu za kushangilia mvua. Sijui serikali nyingine inayofunga ofisi kwa sababu ziwa limejaa, na mtu aliyekulia hapa haoni ajabu.

Bhuj niliyoiacha ilikuwa vifusi na mabanda. Tarehe 26 Januari 2001, Siku ya Jamhuri, saa 2:46 asubuhi, ardhi ilitetemeka, na maelfu kwa maelfu wakafa. Anjar watoto wa shule walikuwa kwenye gwaride katika kichochoro, nyumba zikawaangukia. Mji mkongwe ulipangwa upya, wenye viwanja wakamegwa sehemu ili barabara zipanuliwe. Watu walilia sana wakati ule. Nimepita barabara hizo na mama juzi, na gari la wagonjwa linaweza kufika kila mtaa.

Shamba letu nalo limeshughulikiwa. Sarpanch wa kijiji ni mwanamke, maana nusu ya viti vya halmashauri za vijiji Gujarat vimetengewa wanawake. Talati aliandika ukoo wetu mbele ya mashahidi, maombi yakapelekwa ofisi ya mamlatdar, ikatolewa ilani ya siku 30 kwa mwenye pingamizi. Jina langu limeingia pamoja na ya kaka zangu, sawa kwa sawa, kwa sheria ya urithi iliyorekebishwa 2005. Shangazi zangu hawakupata hilo. Nililishika lile karatasi muda mrefu.

Na maji? Agosti 2022 mfereji wa mto Narmada, tawi la Kutch, kilomita 357, ulizinduliwa, na mwisho wake ni Modkuba, ndani ya taluka yetu ya Mandvi. Maji ya mto wa mbali kiasi hicho kufika huku! Si kila shamba limeunganishwa, na jirani zetu bado wanategemea visima vinavyozidi kuwa na chumvi. Baba aliungojea mfereji huo maisha yake yote.

Kwa mnaotaka kufuatilia mashamba ya mababu: mwenye uraia wa nchi nyingine haruhusiwi kununua ardhi ya kilimo India, ila kurithi anaweza. Njooni na vyeti vya vifo, na jina la kijiji lilivyoandikwa zamani. Anzeni kwa talati, msianze Bhuj. Na msije Mei, joto litawatesa.