Idi inaponikuta kwenye giza la dagaa

Idi-el-Fitri hainikuti kwenye mbalamwezi hata siku moja. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika. Mwezi mwandamo ndio giza lenyewe: mitumbwi yote iko majini, na alfajiri dagaa mbichi wanatusubiri hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Idi husogea siku kama 11 kila mwaka, na giza linasogea nayo.

Kuna mwaka niliharibu. Jioni ya mfungo wa 29 mawingu yalitanda ziwani, nikajisemea leo hauonekani, tutatimiza 30. Nikaagiza ndoo 6. Usiku redio ikatangaza: kesho Idi! Alfajiri nikawa naanika dagaa huku takbira zinasikika misikitini, na mchele wa zaka bado uko dukani. Nilipoukabidhi watu walishatoka kuswali. Zakatul-fitri ikitolewa baada ya swala inabaki sadaka tu. Iliniuma kuliko hasara yoyote ya dagaa.

Siku hizi mchele nanunua mfungo wa 27. Pishi moja kwa kila kichwa, mimi napima kilo 2.5, nasi tuko sita, hata wa kunyonya anahesabiwa, basi kilo 15. Mwezi ukitangazwa tu, naugawa usiku uleule. Nguo za watoto nashonesha Shaabani, maana Ramadhani ikishaingia fundi anakupiga kalenda.

Ikabaki shida ya dagaa: nani awaangalie nikienda kuswali? Mwenye kichanja cha pembeni yangu ni Mkristo. Nilipomweleza alicheka: "Shoga, si ungesema mapema? Nenda kaswali, nitakugeuzia." Lazima wageuzwe, la sivyo wanashika kwenye wavu, na manyunyu yakianza mtu awe karibu na turubai.

Basi asubuhi naoga, nakula tende 3, tunaondoka na watoto. Rakaa 2, takbira 7 kwenye ya kwanza na 5 kwenye ya pili, kisha hotuba. Kurudi napita njia nyingine kama ilivyo sunna, na njia hiyo, Mungu anisamehe, inapita mwaloni. Nachungulia tu. Mchana namletea mwenzangu hotipoti ya pilau. Anakula kwa mkono mmoja, wa pili una magamba.

Desemba zamu ni yangu. Ila Krismasi haifuati mwezi: mwaka mwingine inaangukia mbalamwezi, vichanja vitupu, nami naitwa kula tu.