Siku ya nane baada ya chanjo ya surua

Mwanangu alichanjwa surua-rubella Jumatatu, alipotimiza miezi tisa. Wiki nzima alinyonya na kucheza kama kawaida. Jumanne iliyofuata, jioni, mwili ukachemka. Nilikuwa nimempakata barazani, mara akakakamaa. Macho yakageuka juu, meno mawili yakang'ata ulimi, mikono na miguu ikawa inarukaruka kwa pamoja.

"Degedege hilo!" Mama mkwe alishaitisha kijiko cha kumtia mdomoni. Sikukubali. Nilimlaza ubavu mkekani, nikamlegeza nguo, nikatazama saa ya simu. Dakika tatu, na sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Kisha akalegea, akalala.

"Mwanangu, usimpeleke akadungwa," mama mkwe aliniambia, mkono wake ukitetemeka begani mwangu. "Mtoto mwenye degedege akipigwa sindano ndiyo basi. Tumfukize kwanza mavi ya tembo." Nilijua anasema kwa mapenzi, kwa yale aliyolelewa nayo. Lakini huku kwetu homa na degedege inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Nikapanda bodaboda.

Malaria haikuonekana. Shingo haikukaza, na mtoto alipoamka alinitambua, akatafuta ziwa. Ndipo daktari akaomba kadi ya kliniki, akahesabu siku kwa ncha ya kalamu: moja, mbili, mpaka nane. Akanieleza kwamba chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na huchukua siku kadhaa kuongezeka mwilini. Kwa hiyo homa yake haiji siku ya sindano, huja kati ya siku ya 5 na ya 12. Homa hiyo ndiyo huamsha degedege kwa watoto wachache, mmoja hivi wa ziada katika kila dozi 3,000 hadi 4,000. Degedege fupi la namna hii haliharibu ubongo. Surua yenyewe huvimbisha ubongo wa mgonjwa mmoja hivi katika kila 1,000. Akajaza fomu ya maudhi ya chanjo.

Nililia pale pale, na si kwa hofu tu. Siku ya chanjo niliambiwa "akipata homa mpe parasetamo", basi. Hakuna aliyenitajia siku ya nane. Mzazi akijua siku za kukaa macho, hatauona ugonjwa huo kama uchawi wala sumu.

Dozi ya pili ni miezi 18, na nyumbani ilikuwa vita. Sikubishana na mama mkwe. Nilimwomba twende wote kliniki. Nesi alimwamkia, akamkalisha, akamweleza yote taratibu. Tuliporudi nilizungushia duara kwenye kalenda, siku ya 5 mpaka ya 12. Niliweka kipimajoto na parasetamo ya maji karibu na kitanda, ingawa daktari alishaniambia parasetamo humpunguzia mtoto maumivu tu, haizuii degedege. Nauli ya bodaboda niliifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ya tisa joto lilifika 38.1. Mama mkwe alilala chini kando yetu, kila nikishtuka namkuta macho. Halikuja degedege.

Asubuhi ya siku ya kumi na tatu nilimkuta amesimama mbele ya kalenda na kalamu yangu, anakata maduara yote nane, moja moja.