Mstari Gani Unaosema Hivyo?

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu jioni hii, na bado majibu yao yananizunguka kichwani. Niliwapa beti mbili tu za Utendi wa Mwana Kupona na swali moja: mzungumzaji yuko katika hali gani, na anakusudia nini? Thibitisha. Hilo neno la mwisho ndilo linalowasumbua wanafunzi wangu, na ndilo linalonifanya nilipende somo hili mwaka hadi mwaka.

Beti zenyewe ni ya pili na ya tatu za utendi:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Ni Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa hiyo tulianza kwa kuelewana. "Lema" ni jema, "ndoo mbee" ni njoo mbele, "ujilisi" ni uketi. Niliwaambia kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi huu mwaka wa 1858 kumwusia binti yake. Kwamba hakuishi miaka mingi baada ya hapo sikuwaambia. Hilo nililiweka kando makusudi.

Majibu mengi yalikuwa ya namna hii: "Mzungumzaji anampenda binti yake kwa sababu kila mama humpenda mtoto wake." Huenda ni kweli, lakini hakuna hata neno moja la Mwana Kupona ndani yake. Mwanafunzi amejibu kutoka kwa mama yake mwenyewe, kutoka nyumbani kwao. Siwalaumu. Ndivyo mtu anavyoanza kusoma: anakutana na mama kitabuni, anamwona wa kwake. Ila akiishia hapo hajamsikia huyu mama mwingine, aliyeugua mwaka mzima na jambo moyoni.

Wengine walifanya kinyume. Wakaandika, "Mzungumzaji ni mgonjwa," kisha wakanakili ubeti mzima neno kwa neno, wakatia nukta, wakaenda zao. Hawa wamesikia kwamba jibu lazima liwe na dondoo, na dondoo wameliweka. Lakini dondoo halijielezi lenyewe. Pambizoni niliwaandikia swali lile lile daftari baada ya daftari: neno gani hasa? Maana ugonjwa uko wazi tangu mstari wa kwanza, hata asiyejua Kiamu anauona. Lenye uzito ni "hatta yametimu mwaka". Haya si maradhi ya juzi. Mtu aliyeumwa mwaka mzima anazungumza tofauti na aliyeshikwa na homa jana, na mwanafunzi akiyadondoa maneno hayo matatu peke yake, akasema kwamba yanaonyesha urefu wa mateso, amenithibitishia zaidi kuliko aliyenakili mistari yote minne. Siku hizi nawaambia wazi: maneno mawili matatu, kisha unieleze yanafanya kazi gani.

Lakini kilichonifurahisha kilitokea darasani, kabla sijayakusanya madaftari. Kijana mmoja alisema mama huyu anajua kwamba atakufa. Darasa likacheka, mmoja akamwuliza, "Mstari gani unaosema hivyo?" Hilo ni swali langu, nalisikia likitoka kinywani mwa mwanafunzi! Yule kijana hakurudi nyuma. Akasema, "Na wino na qaratasi. Mtu anayetarajia kuishi naye angemwambia kwa mdomo. Huyu anataka yaandikwe yabaki."

Kimya kidogo. Kisha msichana wa mstari wa pili akasema hapana, wino na karatasi ni kwa sababu maneno ni mengi. Ana hadithi moyoni, na hadithi ndefu huandikwa isisahaulike. Si lazima iwe habari ya kifo.

Mstari ni ule ule mmoja, umebeba hoja mbili zinazopingana, na zote mbili zina haki ya kusimama. Niliwaacha. Niliwaambia tu kwamba ushahidi mmoja ukivutwa pande mbili, kila upande utafute wa pili. Wakainama kwenye beti zile mbili tena, bila kulazimishwa, wakisoma kwa kidole. Yule kijana akarudi na "sikupata kutamka": kwa mwaka mzima hakupata kusema, na sasa anamwita mtoto aje aketi, maana yake ana haraka. Msichana akarudi na "nimependa kukwambia": hapa hakuna hofu, kuna hiari. Anayeogopa kufa hasemi nimependa. Nilitamani kengele isilie.

Hapo ndipo nilipowaambia kwamba Mwana Kupona hakuishi sana baada ya kuutunga utendi. Kijana akaruka kwa furaha akidhani ameshinda. Nikamwuliza kama habari hiyo iko ndani ya beti hizi mbili. Akafikiri, akakiri haimo. Basi historia inaweza kuipa hoja yake nguvu, lakini swali lilisema thibitisha kwa beti, na wino na karatasi vilikuwa vyake kabla mimi sijafungua mdomo. Nilitaka alione hilo: hoja yake ilikuwa nzuri kwa sababu ya alichokisoma, wala haikungoja mwalimu aje kuiokoa.

Nafundisha nikijua mtihani uko mbele. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ni Fasihi, alama 80, na kila mwanafunzi wa Kenya anajua swali la "Eleza muktadha wa dondoo hili", alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Wapo walimu wanaolidharau swali hilo, wakisema ni la kukariri. Mimi nalitetea. Linamfundisha mtoto kwamba kila neno lina mwenyewe, lina anayeambiwa, lina mahali na sababu yake, na neno likinyofolewa kutoka hapo linaweza kusemeshwa lolote. Mtu mzima anayeletewa ujumbe kwenye simu bila jina la aliyeusema wala siku uliposemwa angefaidika na alama nne hizo.

Kinachoniuma ni miongozo. Kila kitabu kinachoteuliwa kutahiniwa huzaa miongozo chungu nzima, na baadhi ya wanafunzi hununua mwongozo kabla ya kitabu chenyewe. Humo sifa za mhusika zimeshaorodheshwa, kila sifa na mfano wake, hadi ukurasa. Nikisahihisha nakuta madaftari matatu yana sentensi moja, hata mkato uko pale pale. Kwa mtahini wa haraka hapo kuna hoja na kuna mfano, alama zipo. Lakini mwenye kuutafuta ule mfano ni mtu mwingine. Mwanafunzi hajapata lile jambo linalotokea unaporudi kwenye ukurasa kutafuta cha kukuunga mkono, ukakuta mstari unaokupinga, ikabidi ubadili ulichokuwa ukiamini. Hakuna mwongozo unaoweza kumfanyia hilo. Ndiyo maana nilichagua utendi huu, ambao hawatahiniwi na hawakuwa na pa kunakili.

Na kuna jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa sana na wenzangu kwenye chumba cha walimu. Swali la "unaonaje?" huwapendelea wasemaji. Darasani mwangu wako watoto watatu wanne wenye ndimi nyepesi, wengi wao waliokulia Kiswahili nyumbani, na ukiuliza maoni watajibu wao, kila siku. Yule aliyetoka bara, anayetafuta maneno kabla ya kusema, hunyamaza. Lakini ukiuliza "mstari gani?", mizani inabadilika. Ufasaha hausaidii kitu kama hujasoma. Msichana aliyepinga habari ya kifo ni mmoja wa hao wanyamavu. Sauti yake ilitetemeka kidogo, akachanganya ngeli mahali, lakini kidole chake kilikuwa juu ya neno na hakuna aliyeweza kumwondoa hapo. Wasemaji wangu walibaki kumsikiliza.

Daftari lake ndilo nililolisahihisha mwisho. Ameandika: "Mama anakusudia kuusia, si kuaga, kwa maana anasema nimependa. Lakini mwaka mmoja wa ugonjwa unaweza kumfanya mtu apende kusema mapema." Amejenga hoja yake, kisha akaipa nafasi hoja ya mpinzani wake katika sentensi inayofuata, zote mbili kwa ushahidi wa ubeti. Nimempa alama zote.

Wiki ijayo nawapa hadithi fupi bila swali hata moja. Watatunga maswali wao wenyewe, wabadilishane madaftari, na sharti ni moja: hakuna swali litakalokubaliwa ikiwa aliyelitunga hawezi kuweka kidole kwenye mstari unaolijibu. Yule kijana wa wino na karatasi ameshaniuliza kama swali moja linaweza kuwa na mistari miwili inayobishana. Nimemwambia alitunge, tuone.