Siku moja na hukumu ya Jaji Mwalusanya mkobani

Saa 12 asubuhi. Muleba, mkoani Kagera, bado imefunikwa na ukungu. Nachemsha chai huku nakagua mkoba: daftari, wino wa dole gumba, na nakala ya hukumu iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo. Ni Rufaa ya Madai Na. 70 ya 1989, Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na siendi kwenye kikao cha ukoo bila karatasi hizi.

Saa 2 nashuka kwenye bodaboda. Dada ninayemsaidia ananisubiri njiani, kanga kaifunga kiunoni. Baba yake alimwachia kwa wosia nusu ya kibanja, shamba la migomba, na kaka zake wameng'oa mlamula, mmea unaopandwa kuonyesha mpaka. Ananionyesha mashimo. Udongo bado mbichi, miche miwili imetupwa chini ya mgomba. Kwetu mlamula hauguswi ovyo. Jina lake limetoka kwenye kulamula, yaani kuamua ugomvi. Ukishapandwa, maneno yamekwisha.

Saa 4, kikao. Nawaamkia wazee, nakaa mkekani. Mkubwa wao anaanza: "Binti yangu, mwanamke ni wa kwenda. Akikiuza kibanja kwa mgeni, makaburi ya wazee wetu tutayahamishia wapi?" Simkatizi. Hofu yake ni ya kweli, makaburi yenyewe nayaona kutoka nilipoketi.

Nawasimulia kesi iliyozaliwa wilayani humu humu, Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Mwaka 1988 mama mmoja aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akaenda mahakamani. Akashinda, kwa sababu kanuni ya 20 ya urithi wa kimila ya 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mahakama ya Wilaya ikampa mama haki yake. Kijana akakata rufaa Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatamka kwamba kanuni hiyo inagongana na Katiba, ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Tangu siku hiyo, alisema, mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi shamba la ukoo na kuliuza.

Wazee wananung'unika. Ndipo ninapofungua ukurasa wa mwisho, ninaoupenda kuliko zote. Jaji hakuufuta ukoo. Ndugu asiyetaka shamba litoke anaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake, sawasawa na ilivyokuwa siku zote shamba likiuzwa na mwanamume. Mzee ananiomba nirudie. Narudia mara mbili, polepole, kidole kikiwa juu ya mstari.

Saa 8 mchana bado hatujamaliza. Kaka mkubwa ameondoka bila kuaga. Waliobaki wamekubali tukutane Jumamosi, na jirani anayeujua mpaka aje. Tunakula ndizi na maharage.

Saa 10 niko ofisini naandika taarifa, na hapa ndipo roho inaponiuma. Zile kanuni za 1963 bado zimo vitabuni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, sawa, lakini wajane wawili walipozipinga kanuni za urithi Mahakama Kuu Dar es Salaam, mwaka 2006 waliambiwa ni za kibaguzi kweli, ila mahakama haitazifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema haki zao zimevunjwa. Jaji mmoja wa Mwanza alikuwa ameshaliona jambo hilo miaka 25 nyuma! Hata adhabu ya kifo aliitamka kuwa kinyume cha Katiba, mwaka 1994, na Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka uliofuata. Hii ya mashamba bado imesimama, na mimi nitaibeba hadi karatasi ziishe.

Saa 1 jioni simu inalia. Ni yule dada. Ameiokota ile miche miwili, ameiweka kwenye ndoo ya maji, anauliza kama itashika tena. Nimemwambia asiiache ikauke, Jumamosi tutaihitaji.