Nimepanda treni kwenda kuona maji yaliyokupwa

Jumamosi nilipanga kufua na kupika cha wiki nzima basi, ila nimeamka nafungua dirisha jua hilo limetoka, mwezi wa tatu London jua ni kitu cha kushukuru, nikavaa koti zito nikaenda zangu stesheni ya Victoria nikakata tiketi ya kwenda na kurudi Whitstable. Sikumwambia mtu. Ni kama saa moja na nusu, unavuka mto Medway pale Rochester, halafu unaona miti ya matofaa bado haina jani, ukishapita Faversham jiandae kushuka.

Whitstable ni mji mdogo wa wavuvi huko Kent, umejulikana miaka na miaka kwa chaza. Reli waliipata mapema mno, 1830, ya kutoka Canterbury, na bandari ikafunguliwa 1832, makaa ya mawe yakishushwa melini yanapandishwa treni. Njia ile ilishafungwa, siku hizi sehemu yake watu wanapita kwa miguu na baiskeli.

Lakini mimi nilifuata harufu. Mtu aliyekulia Tanga anajua ile harufu ya tope na mwani maji yakishatoka, na pale ipo, ilinipokea kabla sijaiona bahari, nikasimama njiani nikavuta pumzi mpaka machozi yakanilenga. Karibu na ufuo kuna rundo la magamba ya chaza, yanarudishwa baharini maana chaza wachanga hushika kwenye gamba. Nikaokota moja, kwa nje gumu limekunjamana kama jiwe, kwa ndani jeupe linateleza, lina doa la zambarau pale chaza mwenyewe alipokuwa ameshikilia.

Nikaenda mpaka Tankerton, ufuo wa jirani, kuna ulimi wa kokoto wanauita The Street, maji yakikupwa unaingia nao baharini kwa miguu, bahari kulia bahari kushoto. Nikampigia mama, huko ni saa tisa alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona upepo hivyo, uko wapi?"

"Niko pwani."

Hakuuliza pwani gani, kauliza yamejaa au yamekupwa. Mama kachokoa pweza ujana wake wote, kwake hilo ndo swali la kwanza. Nikamwambia yamekupwa ila si bamvua, yale maji makubwa, mwezi uko nusu, akasema aa, maji mafu hayo, hayaendi mbali. Nikamwambia mama huku pwani imelala, hata maji mafu yanaacha mchanga mrefu, akafurahi huyo, akataka nimweleze kuna majani gani, kuna ndege gani, tope linazama mguu au limekaza. Sijawahi kuongea naye hivyo tangu nije huku, siku zote ni kazi na baridi na pesa.

Tukiwa hapo hapo nikaona kokoto za mbele zinaanza kulowa.

"Mama, yanageuka."

"Basi toka sasa hivi, usingoje yakufike."

Nikatoka, simu bado iko sikioni, kokoto zinalia chini ya viatu na yeye anazisikia.